Mwenza wa Kopo

Jumatatu, 6 Mei

Shemeji Wembe,

Pokea salamu zangu na za pacha wote wawili. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huanza kulalamika kabla sijainuka. Wewe je, kifua kimetulia? Na mkeo hajambo? Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za nyumbani ukanijibu kwamba kinyozi mwenzako amehama. Nikasema basi, nitaandika. Masikio yako uliyaacha kwenye mizinga, najua.

Shemeji, jana uliiona televisheni? Wameonyesha meli yenu! Saa nzima, maisha ya ndani ya meli ya kivita, picha zilizopigwa enzi zenu zikalala stoo miaka yote hii. Sisi wanawake tuliobaki hapa kota ya wanamaji tulijazana sebuleni kwa mke wa Bomba, maana yeye ndiye mwenye televisheni kubwa. Bomba mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Sijui kama habari ilikufikia: tangu alipopooza mwaka juzi hasemi neno. Anakula, anatazama, basi.

Weee, tulicheka! Mke wa mpishi alinywea alipoona mabaharia wanaziba pua mbele ya sufuria za mumewe. Na yule jirani yangu aliyetuchosha masikio kwamba mume wake ndiye alikuwa akishika usukani, tumemwona huyo mume yuko chini kwa magoti anasugua sitaha. Nikamwambia, "Kumbe usukani wenyewe una brashi!" Akanirushia mto. Mwalimu mstaafu naye, aliyekuja kwa kudoea chai, akauliza hii ni meli ya kivita gani, watu kutwa wanafua na kuanika, vita iko wapi?

Halafu nikamwona. Mtu kavua shati, kainama juu ya beseni, katupa mgongo, anamwagiwa maji kichwani na mabega yanatikisika kwa kicheko. Ni yeye, shemeji. Ni Redio wangu. Nilipiga kelele, na mke wa Bomba naye akapiga kelele palepale: "Mume wangu huyo!" Nikamwambia wako si huyo hapo kwenye kiti? Maneno yalinitoka tu. Akaenda kunifungulia mlango nitoke, na chai yangu haijapoa.

Wewe unajua nilichobakiwa nacho. Picha moja ya kitambulisho, kakodoa macho kama aliyelishwa dawa chungu. Pacha walikuwa wanatambaa homa ilipomkamata baharini mkamzika bandari ya watu. Leo wao wenyewe ni mama, na hawajui baba yao alikuwa anachekaje. Mgongo ule ukiwa wake, nitawaambia: haya, baba yenu huyo anacheka.

Vichwa vyote vya meli ile ulivinyoa wewe. Jumapili watarudia. Tazama kisha uniambie.

Shemeji yako,
Mama Pacha


Jumanne, 14 Mei

Shemeji yangu Mama Pacha,

Barua yako imenikuta nimekaa mlangoni pa saluni, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya huo usukani wenye brashi. Mke hajambo, anakusalimu. Kifua kinakohoa kwa mazoea tu.

Niliitazama siku ile ya kwanza, shemeji, tena mbele ya wateja. Lakini nikwambie kweli, sikuona mgongo wala beseni. Nilikuwa najitafuta mwenyewe! Nimetafuta weee, mwisho nikaona kiti changu. Kile cha chuma nilichokifunga kwa kamba kisitembee meli ikilalia upande. Kiti kipo, Wembe hayupo. Vijana wakafa kwa kicheko. Mmoja akaniandikia kwenye karatasi: mzee, wewe ulipigana? Nikamwambia nilipigana sana, na mba.

Lakini walipoondoka nilikaa peke yangu nikajikuta nanusa. Rangi mbichi, mafuta ya mashine, na ile sabuni yetu iliyokataa kutoa povu kwenye maji ya chumvi. Nimeikumbuka mpaka nikajishangaa. Jumamosi walikuwa wanapanga foleni kwangu, na Redio hakuwa na subira ya kunyamaza hata wembe ukiwa kooni. Alianza hadithi akiwa na nyusi mbili akaimaliza na moja. Alikwenda hivyo kwenye gwaride, na nahodha akashindwa kumkemea kwa sababu naye alikuwa anacheka.

Jumapili nilikuwa na wageni, sikupata nafasi, ila wanasema watarudia tena. Safari hii nitavaa miwani na kusogeza kiti mpaka kwenye kioo. Na wewe usigombane na mke wa Bomba. Waume zenu hawakuwahi kugombana hata siku moja, na walilala kitanda cha juu na cha chini.

Shemeji yako,
Wembe


Jumapili, 2 Juni

Shemeji Wembe,

U hali gani? Mimi sijambo, ila nimenuna. Wamerudia mara mbili na wewe kimya. Umeumwa? Au umesafiri na kiti chako?

Hapa kota imegawanyika. Mke wa mpishi yuko upande wangu, ingawa nadhani ni kwa sababu bado ana hasira na watu wote waliocheka sufuria. Wengine wako kwa mke wa Bomba. Tukikutana kwenye bomba la maji yeye hutazama ndoo, mimi hutazama mawingu. Fikiria, shemeji, wanawake wazima wenye wajukuu, tunagombea mgongo mmoja kama wake wenza! Pacha mkubwa ameniambia, "Mama, mwachie." Nimwachie nini? Yeye wake amezeeka naye. Amemwona akiota mvi. Mimi wangu niliagana naye getini ana begi begani, na hakugeuka kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi.

Ngoja nikueleze kwa nini nina uhakika. Redio alikuwa na deko. Mwanamume mzima, akirudi likizo hawezi kuosha kichwa chake mwenyewe! Ataniita hata nikiwa na mtoto ubavuni, nije nimmwagie kwa kopo. Kidogokidogo, anasema, usimwage ovyo. Mapipa yamejaa, mimi nabanwa na kopo moja! Akimaliza ananinyang'anya: "Zamu yako, inama." Mimi nimetoka kusuka jana, naanza kukimbia kuizunguka nyumba, yeye nyuma na kopo, majirani wanatushangilia. Ule uinamaji naujua. Niliusimamia kila likizo.

Nijibu basi. Hata kwa mstari mmoja.

Shemeji yako,
Mama Pacha


Jumapili, 9 Juni

Shemeji yangu,

Sikuumwa. Nimekuandikia mara mbili nikachana, kwa sababu nilikuwa najua la kusema na sikutaka kulisema.

Mgongo ule si wa Redio. Ni wa Bomba. Nywele zake za kisogoni zinazunguka pande mbili, na chini ya sikio ana kovu nililomtia mimi siku meli ilipolala ghafla. Nimetazama nikitamani niwe nimekosea. Nisamehe, shemeji. Nilitaka sana awe yeye, nami nilimpenda mtu yule.

Lakini usiikunje barua, sijamaliza.

Mimi sisikii, kwa hiyo nikitazama televisheni natazama mikono. Wengine mlikuwa mnakodolea mgongo. Mikono inayommwagia maji mliiona?

Kwenye meli tulikuwa tunaoga maji ya bahari. Yanakausha ngozi, yanawasha, nywele zinakuwa brashi. Maji matamu yalikuwa ya kunywa na kupikia, na kwa kuoga kila mtu kopo moja la kusuuza kichwa. Kopo moja tu. Ukijimwagia mwenyewe, nusu inapotea ukiwa na sabuni machoni. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na mwenza wa kopo. Wewe unainama, yeye anakumwagia tone kwa tone, kisha zamu yake. Hukuchagua mtu yeyote tu. Ulichagua mtu ambaye hawezi kukuibia maji yako ukiwa umefumba macho.

Mwenza wa kopo wa Bomba alikuwa Redio. Lile halikuwa deko, shemeji. Alikuwa amekufanya wewe mwenza wake nchi kavu.

Sasa tazama ule mkono wa kulia ulioshika kopo. Kidole cha mwisho kimepinda kwa nje, hakifungi. Mlango wa chuma ulikibana mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyekifunga kitambaa. Mkono ule ni wa mumeo. Na Bomba mabega yanamtikisika kwa nini? Nani mwingine alikuwa anaweza kumchekesha mtu mwenye sabuni machoni? Redio anaongea pale, nakuapia. Hajawahi kumwaga maji akiwa kimya.

Mimi siwezi kujua kama kamera iliinasa sauti. Mke wangu ameniandikia kwamba mtangazaji naye anapiga domo wakati huohuo. Wewe una masikio. Sikiliza kwa niaba yangu, uniambie.

Shemeji yako,
Wembe


Jumatatu, 17 Juni

Shemeji Wembe,

Natumaini hii inakukuta mzima. Mimi mzima, na nguo niliyovaa jana bado ina unyevu, utajua kwa nini.

Barua yako nilipofika kwenye jina la Bomba nilikuchukia. Nakwambia wazi. Nililia, nikaiweka chini ya mto, nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Kesho yake ndipo nikaisoma hadi mwisho, na nilipofika kwenye kidole nikakaa chini jikoni. Kidole kile, shemeji! Usiku kilikuwa kinanikwaruza shavu. Nimekisahau vipi?

Jana nikaenda kwa mke wa Bomba. Alifungua mlango nusu, akanipandisha na kunishusha kwa macho. Nikamwambia, "Mgongo ni wako." Alifungua mlango wote, akaanza kupanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Pacha mdogo alikuwa nami, filamu ameihifadhi kwenye simu, akaiunganisha na ile televisheni kubwa. Tukafika pale. Mtangazaji anasema mashujaa wa bahari, sijui ulinzi wa taifa, nikamwambia pacha ongeza sauti, ongeza yote. Mwanzo sikusikia kitu. Akarudisha. Mtangazaji alipovuta pumzi, ikaja, chini kabisa, na ule ukwaruzo wake:

"Inama, Bomba, inama! Usinimalizie, zamu yangu inakuja!"

Pacha akageuka. "Ndiye?" Nikaitikia kwa kichwa, na yeye akarudisha, akarudisha, mpaka akaanza kutamka maneno pamoja na baba yake. Ana umri wa kumzidi baba yake sasa, shemeji, na alikuwa anacheka kama mtoto anayetekenywa.

Mke wa Bomba akanigusa goti. "Mtazame," akasema.

Bomba alikuwa ameinama. Pale kwenye kiti chake, kidevu kifuani, macho kayafumba, kwa mkono ule mzima kaushika ukingo wa kiti. Anangoja. Nani kamwambia? Tangu mwaka juzi daktari anamwambia inua mkono, geuza shingo, hafanyi. Mkewe akakimbilia ndani akarudi na ndoo ya maji, beseni, na kopo. Nilidhani atammwagia mwenyewe. Akanipa mimi kopo. "Wewe ndiye wa Redio," akasema.

Nikammwagia. Kidogokidogo, nilivyofundishwa. Maji yakapita kwenye zile nywele zinazozunguka pande mbili, kovu lako nikaliona, na mabega yakaanza kutikisika. Yuleyule wa kwenye televisheni, shemeji! Hakuna sauti, lakini alikuwa anacheka. Mkewe alikaa sakafuni akijifunika uso kwa khanga, akisema huyu hapa, huyu hapa.

Nilipomaliza nikafikiri yameisha. Bomba akanyoosha mkono akashika kopo, hakuliachia. Akalichovya kwenye ndoo. Nusu nzima inamwagika. Kisha akanitazama na kuonyesha kwa kidevu, chini.

"Inama," mkewe akasema. "Zamu yako."

Nikapiga magoti na magoti hayahaya, na kilemba changu juu. Sikukimbia kuizunguka nyumba. Maji yakaingia masikioni, yakashuka mgongoni, kwenye nguo yangu nzuri, na mimi nimefumba macho.

Njoo, shemeji. Kichwa cha Bomba kimekuwa msitu, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa kwa mkasi, ila nadhani wewe atakuruhusu. Njoo na kiti chako kama bado unacho.

Ulinituma nisikilize kwa niaba yako. Amesikika.

Shemeji yako,
Mama Pacha