Mkono Wako Juu ya Kafi la Hamisi

Mpendwa Zuhura, mwalimu wangu wa kafi,

Unaikumbuka Jumapili ile Kivukoni, niliponunua fungu la samaki, changu, na bado sikuondoka? Mjomba wako alikuwa anashona wavu, wewe umekaa kwenye mtumbwi wake. Nikasema nataka kujifunza kupiga kafi. Mtu wa Moshi, muuza duka la ushirika pale mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kafi la nini? Hukuuliza. Ulinipa tu, ukacheka.

"Ndugu, hapo unasonga ugali!"

Ukanishika mkono. Wa juu ukaupeleka kichwani mwa kafi, ukaufunika pale kama kifuniko. Wa chini ukauteremsha mpaka ikabaki shubiri moja juu ya ubapa. "Usilikabe, halikimbii." Nilirudi Kariakoo nanuka samaki, nimefurahi kuliko mtu aliyepata sukari bila foleni.

Wiki nzima nikafanya mazoezi nyuma ya kaunta kwa mpini wa fagio. Wateja wanaulizia sabuni, mimi napiga kafi hewani. Jumapili nikaja, nikashika sawasawa, kifua mbele, nangoja sifa.

"Basi, ndugu, umeshajua." Mkono wako ukarudi mapajani.

Ndipo akaja Hamisi, kuli wa bandarini, mzaliwa wa Kigamboni, anayevusha watu tangu hajang'oka meno ya utoto. Siku hiyo, maajabu, kasahau. Kafi kalishika kama mchi wa kinu. Mimi nikamwonea huruma: "Shubiri moja, kaka." Ukanikata jicho.

"We Hamisi, hebu lete mkono!"

Mimi "ndugu", yeye "we Hamisi". Mjomba wako akauinamia wavu, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mkaoana, mchele wa harusi nikautafuta mimi. Sasa juzi nimevuka kwa pantoni, nikawaona ufukweni. Hamisi ameanza mvi, na kafi bado kalishika kama mchi. Ukatua ndoo, ukamfuata, ukamrekebisha kidole kimoja kimoja, bila haraka. Miaka yote hiyo! Huyu mtu hafundishiki, nikajisemea, na wivu haukuniacha mpaka pantoni ikafika gati.

Mimi bado nalishika vizuri, Zuhura. Sijakosea hata siku moja, na hakuna aliyewahi kunigusa mkono tena.

Kaa salama. Msalimie huyo bwana ukikumbuka, ukisahau, sitauliza.

Ni mimi,
mwanafunzi wako aliyefaulu