Mlango Usio na Matundu

Jumatatu, 8 Juni
Klipu za kushikia mikanda tena. Nimevunja tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mikanda ya nikeli ya kupambia ubavu wa gari aliyoituma Kaka Elieza kwa basi ilifika imefungwa kwa magazeti, mmoja umepinda. Yeye yuko Dar. Anataka Pijo la marehemu Baba ling'ae kwenye picha za harusi ya binti yake, Jumamosi ya tarehe 20, mlimani Vudee. Mikanda ya zamani ilioza, ikang'olewa nikiwa mdogo. Kazi nimepewa mimi kwa sababu shule zimefungwa na eti nina mikono ya ufundi. Nafundisha fizikia. Si fundi.

Fundi Salimu ameniachia kona ya gereji yake na vifaa. Mikanda yenyewe hataki kuigusa. Mzee mjanja.

Jumanne, 9 Juni
Upepo wa Same na vumbi lake. Mkanda wa madigadi ya mbele kushoto uliingia. Nilipogeuka ukaruka, ukachuna rangi, mchubuko wa urefu wa kidole. Nimetukana kwa sauti. Elieza katuma ujumbe wa sauti: "Usilazimishe, Namsifu. Sukuma taratibu." Nimeufuta.

Ijumaa, 12 Juni
Ubavu wa kushoto umekamilika. Siku tano kwa ubavu mmoja! Vidole vimevimba.

Kulia nilianza vizuri. Madigadi sawa, mlango wa mbele sawa. Mlango wa nyuma hauna matundu ya klipu. Hata moja. Nilidhani yamezibwa kwa puti, nikapiga msasa hadi chuma. Hakuna kitu. Salimu akaja na kisu, akakwangua ukingo wa ndani. Chini ya rangi ya maziwa kuna kijani.

"Mwalimu, huu mlango si wa gari hili. Liligongwa, wakabadilisha."

"Halijawahi kugongwa, mzee wangu. Ningejua."

"Basi mlango ulikuja wenyewe."

Nimemnunia bure. Hana kosa.

Jumapili, 14 Juni
Baada ya ibada nilimuuliza Mama. Alikuwa anachambua maharage. Akaanza kwa Kipare, kama afanyavyo akitaka jambo liishie ndani ya nyumba.

Niandike yote nisije nikajidanganya baadaye. Nilikuwa kidato cha tatu. Likizo ile Baba alikuwa ananifundisha kuendesha, kwenye barabara za mashamba ya mkonge, gia za kwenye usukani. Akasafiri. Mimi nikarudi shule ya bweni. Elieza akalichukua gari kwa siri, akagonga nguzo Lembeni. Baba aliporudi, Elieza akamwambia ni mimi niliyegonga, kabla sijaondoka kwenda shule. Baba akabadilisha mlango, akapaka rangi upya, asiseme neno. Niliporudi likizo nyingine nikaomba funguo. Akasema gari si mchezo wa watoto wa kike. Hakunipa tena mpaka anakufa.

Miaka yote nimeamini Baba alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Ulijua lini, Mama?"

"Mwaka uleule."

"Ukanyamaza?"

"Angemfukuza kaka yako. Wewe ulikuwa mbali, hasira zake zisingekufikia."

Zilinifikia. Sikumwambia hivyo. Nilitoka nje. Namkasirikia Mama, na ana miaka themanini na mbili, na sijui niiweke wapi hasira hiyo.

Jumatano, 17 Juni
Siku mbili sikwenda gereji. Leo nimekwenda. Nilifikiria kuuacha mlango hivyohivyo, watu waone. Halafu nikamfikiria bibi harusi. Hana hatia.

Nimevuta uzi kutoka mlango wa mbele hadi nyuma, nikaweka alama za penseli, nikatoboa. Tundu la tatu drili iliteleza. Mkanda umekaa lakini umepanda kidogo, kama nyusi moja iliyoinuka. Salimu anasema hakuna atakayeona. Mimi naona. Sirekebishi.

Ijumaa, 19 Juni
Elieza amefika na shati jeupe na zawadi za Mama. Alilizunguka gari. Akasimama kwenye mlango ule, akapitisha macho haraka, akaenda kwenye boneti.

"Umefanya kazi, Namsifu. Nipe funguo nilizoee kidogo, kesho nimpeleke mtoto."

"Nitaendesha mimi."

"Zile kona za mlimani unazijua?"

"Nitaendesha mimi, Kaka. Huu mlango wa nyuma nimeutoboa upya. Haukuwa na matundu."

Alitazama chini. Akaona haya, mtu mzima, baba wa bibi harusi. Mama alikuwa mlangoni. Akatuita mezani. Tukala wali.

Jumamosi, 20 Juni
Nimeendesha. Ukungu juu, tope kwenye kona tatu. Bibi harusi aliimba njia nzima. Elieza alikaa kando yangu, mikono magotini. Kwenye shukrani aliwataja wote hadi wapiga vigelegele. Mimi alinitaja kama "dada yangu aliyelipamba gari". Basi. Nilitegemea zaidi. Ujinga wangu.

Jumatatu, 22 Juni
Nilimsindikiza Elieza stendi. Basi lilichelewa, tukakaa kwenye benchi la muuza chai.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema.

"Najua."

"Kila mwaka nilisema nitamwambia Baba. Halafu akafa."

"Mimi nilikuwepo. Ungeniambia mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniomba msamaha, vibaya, kwa maneno mengi mno, basi likipiga honi. Sikumjibu kwamba nimesamehe. Nilimshikia begi mpaka akapanda.

Nikajaza mafuta. Nimeendesha hadi Mwanga na kurudi. Sikuwa na shughuli yoyote Mwanga.