Simu Yenye Kamera

Mwanangu,

Chakula kiko jikoni. Maji ya kwenye sufuria kubwa usiyaguse, ni ya baba yako kuogea.

Asubuhi dukani, ulipoomba simu yenye kamera nzuri, nilikukatiza mbele ya muuzaji: “Yenye kamera ya nini, ya kujipiga picha? Chukua hii inayokaa na chaji.” Ukasema, “Sawa, Mama,” ukaibeba mpaka nyumbani.

Ulipoenda kushona, nikafungua simu yako ya zamani nihamishe namba. Nimekuta picha za magauni uliyoshona tu, nyingi zina ukungu. Wewe humo hata katika moja.

~~Tutaongea jioni.~~ Naenda dukani kuibadilisha hii mpya sasa hivi. Wakikataa, hii nitatumia mimi, yako tutaitafuta.

Nisamehe. Sikukuuliza hata mara moja unaitakia nini.

Mama