Mbwa Aliyekataa Kula Siku Mbili

Ujiji, 20 Mei 2024

Mume wangu Bariki,

Pokea salamu, nyingine nimezibakiza nikupe uso kwa uso. Hujambo? Kifua kimepona, au unawatibu watu wa Kalya huku daktari mwenyewe unakohoa? Mimi mzima. Mama anakusalimu, goti lake limepoa kidogo.

Ziwa limefungwa tangu tarehe kumi na tano, miezi mitatu hakuna kuvua. Sokoni Mwanga wanabishana kutwa: huyu anasema acha samaki wazaliane, yule anamuuliza wanangu wale mazalia? Mimi nashona, nasikiliza. Aliyekasirika kuliko wote ni paka wetu. Tulimwita Diwani kwa kuwa huonekana saa ya chakula tu. Sasa hata saa hiyo ananusa ugali na maharage, kisha ananitazama kana kwamba ziwa nimelifunga mimi.

Nakutumia riwaya mpya ya Elida Gwasa kwa mkono wa Kasongo, nahodha wa boti ya abiria. Nimeisoma mara mbili. Andika pembeni kama kawaida yetu, wapi umecheka, wapi umekasirika, halafu nirudishie nisome ulivyosoma. Mpaka Agosti nitakapohamia kwako, hicho ndicho kitanda chetu. Na usipande kilimani kutafuta mtandao unipigie. Tulikubaliana ni barua tu. Ugomvi wa "namba unayopiga inatumika" ulitutosha.

Mkeo,
Wema

Kalya, 3 Juni 2024

Mke wangu Wema,

Barua imefika kavu, namshukuru Kasongo. Kifua kimepona. Mpe mama shikamoo yangu.

Ziwa kufungwa kumenijazia zahanati. Wavuvi sasa wana nafasi, wanaleta magonjwa waliyoyaficha mwaka mzima: ngiri, meno, macho. Zamani nilisema wafunge hata miaka miwili. Sasa nawaona wamekaa ufukweni na mikono mitupu. Anayefunga ana haki na anayelia ana haki.

Gwasa anaandika vizuri, ila wanawake wake wanajibu haraka mno. Mtu wa kweli jibu zuri humjia akiwa ameshafika nyumbani. Bado nasema yule mwandishi wangu wa makala za Jumapili anamzidi. Najua utabisha.

Mbwa wangu Kamanda alinitia hofu. Sista Marcelina, muuguzi tunayefanya naye kazi, alikwenda Uvinza kuwaona wazazi wake, basi Kamanda akakataa kula siku mbili, kalala mlangoni pake tu. Aliporudi, mbwa alikula hadi akalamba sufuria. Wanyama wana mambo. Riwaya nairudisha.

Mumeo,
Bariki

Ujiji, 12 Juni 2024

Bariki,

Habari za afya sikuulizi. Ukiumwa, wauguzi wapo.

Barua yako niliisoma gauni la bibi harusi likiwa chini ya sindano, nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Tangu lini mbwa akamlilia mtu asiyemlisha? Nikajituliza. Nikafungua riwaya nisome ulivyosoma. Ukurasa wa sitini na moja, pale mjane anapomjibu shemeji yake, kuna maneno ya penseli: "Kweli kabisa, dada!" Herufi za duara, nzuri. Wewe mwandiko wako ni wa daktari. Nikaanza kutafuta. Za duara ni kumi na tisa. Zako ni sita.

Bariki, nina wivu. Nasema wazi, sitaki kuzunguka mbuyu. Ungempa sahani ya ugali wangu ningesema ni ujirani. Umempa kurasa zetu. Dalili ya mvua ni mawingu, nami mawingu nayaona toka huku Ujiji.

Hilo la Agosti nalifikiria upya. Cherehani iko palepale kwenye chumba changu cha Mwanga, na mwenye chumba sijamwambia kitu.

Wema

Kalya, 24 Juni 2024

Mke wangu,

Umetia jina tupu, nimeona. Afya yangu njema, kama bado inakuhusu.

Marcelina amepanga chumba kinachopakana na changu. Nikienda vijijini na kliniki ya mkoba siku tatu, nne, yeye ndiye anayemlisha mbwa. Ulitaka afe? Kitabu alikiona mezani akakiomba, nikampa. Hukuniambia kuwa ni siri.

Na mimi niulize. Kasongo anasema pale Mwanga kuna bwana anaitwa Emmanueli, kila siku saa kumi yuko kwenye benchi la wateja, anakusomea gazeti kwa sauti huku unashona. Ana suruali gani hiyo isiyokwisha kushonwa? Jana nilikuwa namwandikia mgonjwa dawa, nikajikuta nimeandika Emmanueli kwenye nafasi ya jina. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mjamzito.

Mumeo, upende usipende,
Bariki

Kalya, 22 Julai 2024

Wema mke wangu,

Natumaini u mzima, maana sina pa kujulia. Boti nne zimekuja bila barua. Kasongo akiniona kwa mbali anatikisa kichwa, hata hasubiri niulize.

Nilikuambia nilimpa kitabu. Sikusema yote. Nilimsomea. Jioni tukifunga zahanati tulikaa barazani nikasoma kwa sauti, sura moja kila siku, kwa sauti ile ninayokusomea wewe. Sijamgusa, naye hajanitaka. Lakini alikuwa akicheka palepale ulipochekea wewe, nami nikaanza kuwaharakisha wagonjwa wa mwisho ili jioni ifike. Kuna mzee nilimwambia arudi kesho, na ningeweza kumhudumia siku ileile. Hapo ndipo nilipojishtukia. Nilimwonea aibu yule mzee kabla sijakuonea aibu wewe. Nisamehe na hilo.

Nimemwambia Marcelina sitamsomea tena, hata kitabu kingine. Hakuuliza kwa nini.

Niandikie, hata tusi.

Mumeo,
Bariki

Ujiji, 6 Agosti 2024

Mume wangu,

Mimi mzima, mama mzima, Diwani kakonda ila kiburi hakijapungua. Wewe je, unalala? Mimi nilikuwa silali, nikataka na wewe usilale, ndiyo maana nikanyamaza. Tusi niliandika. Barua tatu nzima, nikazichana.

Emmanueli ni fundi viatu hapo jirani, alifiwa na mkewe. Nilimkaribisha benchini makusudi, siku Kasongo alipokuja kuchukua mzigo, kwa kuwa mdomo wa Kasongo hauna kifungo. Nilitaka ikuwashe. Basi akasoma habari za ziwa, za uchaguzi wa mitaa, tukabishana, akanichekesha. Wiki ya tatu alichelewa siku moja, nikajikuta nimesimamisha cherehani, nasikiliza kama anakuja. Kwa hiyo barua yako sikuisoma kama hakimu. Niliisoma nimekaa chini sakafuni, nikalia, kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Emmanueli nimemwambia nguo zake zimekwisha, asome kwake.

Chumba cha Mwanga nimekirudisha. Nakuja na boti ya Jumatatu, mimi na cherehani, na Diwani kwenye tenga. Jioni ya kwanza Marcelina aje kula kwetu. Nitapika mwenyewe, nikae nimtazame usoni. Akiwa mtu mwema tutamwazima vitabu. Asipokuwa mwema nitajua kabla mboga haijapoa.

Usidhani nakuja kwa sababu moyo umetulia. Haujatulia. Nitakuuliza jioni zile zilikuwa ngapi, mlikaa viti viwili au mkeka mmoja, ulisoma ukiangalia kitabu au ukimwangalia yeye. Utanijibu yote, na kesho yake nitauliza tena. Vumilia. Siku ukiona siulizi, ujue nimekwisha kuondoka, hata kama bado napika humo ndani.

Mkeo,
Wema