Pumzi za Mbwa Mdogo

Tumpe mwanangu, ugonile? Huku Kyela mvua haikatiki, mimi mzima. Atupele wako ananiandikia haya na anaona aibu; nimemwambia aandike tu.

Leo yule daktari wa mifugo Mdachi, anayefanya kazi na Atupele, amepasua mbwa majike wawili wasizae tena, mmoja mkubwa kama ndama, mwingine sawa na paka. Wakalazwa kwa dawa ya kunusa, nami nikawashika mbavu nisikie pumzi zao. Mdogo akahema mbiombio, nikasema huyu anakufa.

"Bibi, usimpime kwa pumzi za mkubwa," Atupele akaniambia.

Kweli, chungu kidogo na kikubwa havikauki pamoja. Baadaye pumzi za mdogo zikakatika kabisa. Mwanao akaondoa kitambaa cha dawa, akamvuta ulimi, akamsugua mbavu mpaka mbwa akakohoa, akahema tena.

Majirani wakikucheka tena kwamba binti yako ni yaya wa mbwa, waite wasomewe kadi hii. Ule ushibe, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana.

Mama yako