Sufuria ya Mtu Mmoja

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Kijiko,

Hujambo wewe na mzigo wako? Miguu bado inavimba? Ilaze juu ya mto kama nilivyokuonyesha, na mkwe wangu, kama hayuko safarini na lori lake, akukande kwa maji ya vuguvugu. Mimi sijambo. Nimefika.

Najua umenipigia simu mpaka ukachoka. Simu iko kwako, juu ya friji, kwenye chaji. Nilipokumbuka nilikuwa nimeshafungwa mkanda ndani ya ndege, na rubani si mtu wa kuombwa ageuze. Hapa ninaandika kwenye kompyuta ya nyumba ya wageni. Simu yao ya mezani imekufa kwa mvua. Dada wa mapokezi amenifungulia kila kitu, kisha akaniacha niwinde herufi kwa kidole kimoja.

Kisiwa ni kilekile cha kwenye kalenda. Unaikumbuka ile kalenda ya jikoni shuleni, niliyokataa itupwe mwaka wake ulipokwisha, ikabaki ukutani mpaka moshi ukaigeuza bahari kuwa ya kahawia? Walimu na wazazi waliponichangia safari ya kustaafu na kuniuliza nataka kwenda wapi, sikuwa na jina la mahali. Niliwaonyesha kwa kidole pale ukutani. Sasa nimekaa ndani ya picha. Bahari ni ya kijani, mwanangu. Minazi ipo, mchanga upo, na mvua ambayo mpiga picha aliificha nayo ipo, inaingia kila alasiri bila hodi.

Chumba changu kina kitanda, feni na jiko dogo la kujipikia. Nilipofunga mlango nilikaa kitandani nikangoja mtu aniite. Hakuna aliyeniita. Niliogopa, sikufichi. Lugha yao siijui, na umri huu wote sijawahi kulala mahali ambapo hakuna hata mmoja anayenijua.

Makubaliano yetu ni yaleyale. Toa vitu vyangu taratibu, usibebe kizito, yule mwalimu mpangaji na mkewe waingie nyumbani kwangu mwisho wa mwezi. Nikirudi ninashukia kwako moja kwa moja, na hapo ndipo pangu.

Mama yako,
Mama Jiko


Tarehe 7 Machi

Shikamoo Mama,

U mzima wa afya? Huku sote hatujambo. Mtoto anacheza tumboni utadhani anatafuta mlango. Miguu imepungua. Baba yake yuko njiani na lori, anakusalimu.

Simu nimeiona. Siku nzima nilikuwa nakupigia kutoka duka la dawa, wateja wamejipanga, kumbe inalia jikoni kwangu. Mama, wewe ulikuwa hufungi jiko la shule kabla ya kuhesabu kijiko cha mwisho. Leo unasahau simu? Haya, tuseme umesahau.

Nilikwenda kwako nikaanza na kabati la jikoni. Sufuria iliyo ndogo kuliko zote naweza kumwogeshea mtoto. Hivi ulikuwa unampikia nani, na umekaa peke yako tangu nilipoolewa? Mwalimu na mkewe wamekuja kuangalia nyumba, wameipenda, wanaulizia ufunguo.

Chumba chako hapa kiko tayari. Nimekiweka ukuta kwa ukuta na cha mtoto ili akilia umsikie kabla yangu. Nikikifikiria hicho chumba, roho yangu inatulia. Vinginevyo haitulii.

Kula, lala, pumzika. Na tafadhali usimpikie mtu.

Mwanao,
Kijiko


Tarehe 10 Machi

Kijiko wangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia miguu imepungua. Punguza chumvi, usinijibu kwamba umepunguza, punguza.

Umesema nisimpikie mtu. Umechelewa. Nilikwenda sokoni nikanunua mchele, nikasimama mbele ya lile jiko dogo, nikamimina jinsi mkono unavyojua. Wali ukapanda, ukakisukuma kifuniko, ukaanza kutoka nje. Nikaazima sufuria ya chumba cha jirani. Nayo ikajaa. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikajionea aibu. Mimi chakula cha shule nzima nakipika nikiwa nimefumba macho, lakini chakula cha mtu mmoja sikijui. Sijawahi kukipika. Nilipoolewa nilikuta ukoo mzima, baba yako alipofariki likaja jiko la shule, na wewe na mimi tukala kilichobaki huko. Baada ya wewe kuondoka niliendelea kupika vilevile na kugawa kwa majirani.

Jirani yangu wa hapa ni mwanamke wa rika langu, alikuwa dereva wa treni, naye amestaafu. Nimembandika jina la Mama Treni. Tunaongea kwa mikono na tunaelewana kuliko nilivyowahi kuelewana na mwalimu mkuu. Alipoona ule wali alileta sahani yake, akawaita wageni wengine, nyumba nzima ikala. Nilijisikia vizuri, sitaki kukudanganya. Kesho yake wakaja tena na sahani zao, nami nikapika. Siku ya tatu walipokuja, Mama Treni alisimama mlangoni kwangu akawafukuza wote kwa mkono mmoja. Kisha akachukua kikombe cha chai, akakitia mchele mpaka katikati, akaninyooshea kidole kifuani. Maana yake, huyo ndiye wewe. Nusu kikombe.

Nilikicheka kile kikombe mpaka mbavu zikauma, halafu machozi yakanitoka. Sijui yalitokea wapi. Nimekula wali wangu wa nusu kikombe na nimeshiba.

Mama yako,
Mama Jiko


Tarehe 12 Machi

Shikamoo Mama,

Huyo Mama Treni hajakuona ukiwa na njaa. Nusu kikombe kwako ni cha kuonjea.

Nimefurahi unacheka. Hapa sijambo, ila zamu zinanimaliza, nasimama dukani mpaka kiuno kinagoma. Nyumba yako imebaki vyombo vya jikoni na kile kitanda. Mwalimu analeta vitu vyake tarehe ishirini na tano, nimemwahidi ufunguo siku hiyo. Mtoto amekuwa mzito. Ninahesabu siku za kurudi kwako kuliko za kujifungua.

Mwanao,
Kijiko


Tarehe 15 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini kiuno kimekubali yaishe. Omba stuli dukani, sema mama yako amesema.

Nimegundua kitu ambacho utanicheka. Sipendi maharage. Nilikuwa sokoni, mkono ukaenda wenyewe kwenye gunia la maharage, na kabla sijataja kipimo nikajiuliza, hivi anayeyataka ni nani? Nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Nikarudisha mkono, nikanunua samaki mmoja na ndimu, nikamla akiwa wa moto. Miaka yote hiyo jikoni mimi nilikuwa nakula mwisho, kimeshapoa, nimesimama, na mara nyingi ni maharage.

Shida ya swali la namna hiyo ni kwamba haliishii sokoni. Nikiachiwa, naamka saa ngapi? Saa mbili, aibu iliyoje. Napenda redio? Napenda, ila si asubuhi. Juzi Mama Treni alinitoa mpaka baharini, nikaingia na gauni langu hadi kiunoni, mawimbi yakanisukuma nami nikakataa kuanguka. Nilipotoka nikajiuliza lile nililokuwa nalikwepa.

Kijiko, sitaki kuhama. Nataka kurudi kwangu, kwenye vile vyumba vyangu viwili, nipike nusu kikombe nikae mlangoni. Nilikubali kuhamia kwako kwa sababu uliniomba, na mimi nikiombwa chakula huwa sijiulizi, napakua tu. Hili nilipaswa kujiuliza. Ukijifungua nitakuja kukulea wewe na mtoto, hilo halina mjadala. Lakini kuhamia kabisa, hapana. Naomba usimpe mwalimu ufunguo.

Usione nimekuchoka. Nakupenda.

Mama yako


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Kompyuta naifungua asubuhi na jioni. Dada wa mapokezi sasa ananiona nikija anatikisa kichwa kabla sijakaa.

Nijibu, hata kama ni kwa kunigombeza.

Mama yako


Tarehe 23 Machi

Shikamoo Mama.

Mimi mzima. Nilikaa na barua yako kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kibaya, na hiki nacho ni kibaya, lakini nimechoka kukifuta.

Mwalimu ameshakodi gari la kuhamishia vitu. Chumba chako nimekipaka rangi. Wewe uko huko unakula samaki na ndimu unaniambia hapana. Miaka yote, Mama, watoto wa watu waliokuwa wakikuita kutoka kwenye foleni uliwaitikia, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye magunia nikisubiri wamalizike. Sikulalamika. Nilijua iko siku ya zamu yangu. Zamu yangu imefika, ndipo umegundua hupendi maharage.

Nataka nikuambie ukweli. Sikukuomba uhame ili hiyo nyumba ipate mpangaji, wala sitafuti wa kunifulia nepi. Naogopa. Baba yake yuko barabarani wiki kwa wiki. Sijawahi kumshika mtoto mchanga hata wa jirani, nahisi ataponyoka. Mchana nawaeleza akina mama dozi za watoto wao kwa sauti ya mtu anayejua, nikifika nyumbani nafungua mlango wa kile chumba chako nakaa pale nalia.

Ufunguo ninao. Keshokutwa nitaamua.

Mwanao


Tarehe 24 Machi

Kijiko wangu,

Marahaba, na asante kwa kunigombeza. Nimeisoma barua yako nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Sina cha kubisha. Niliwapikia wale ili wewe ule, lakini mtoto aliyekaa kwenye magunia hajui hesabu hizo, anachoona ni mgongo wa mama yake.

Sasa nikuambie kuhusu kuogopa. Ulipozaliwa baba yako alikuwa ameshafariki na ukoo wake nimeshauacha; nilikuogesha nikiwa nimebana pumzi, na nilipomaliza nilikuwa nimelowa kuliko wewe. Nilikulaza ndani ya kasha la sabuni karibu na meza ya kukatia vitunguu, ukilia najaribu hiki, najaribu kile, mpaka kimoja kinakubali. Mikono ilijifunza kwa sababu hapakuwa na mikono mingine ya kupokea. Kama kungekuwa na mtu upande wa pili wa ukuta wa kukusikia kabla yangu, ningeendelea kukuogopa mpaka unaanza shule.

Umenipangia chumba ili mtoto akilia nifike kwanza. Nitafika kwanza, najijua. Atanyamaza kwangu, atalala kwangu, na wewe utabaki mlangoni ukisubiri zamu yako tena, safari hii kwa mwanao mwenyewe. Sitaki kukufanyia hivyo mara mbili.

Kwa hiyo sikiliza. Nitakuja kabla ya uchungu. Nitalala kwenye hicho chumba ulichokipaka rangi, na nitakaa mpaka siku utakayomwogesha bila kuniita. Siku hiyo nachukua mkoba wangu. Toka kwangu hadi kwako ni mwendo wa maji ya chai kuchemka, ukinihitaji utaniona.

Kama ufunguo umeshautoa, usijilaumu. Nitatafuta chumba kingine mtaa huohuo, ila kiwe changu. Nimeshanunua sufuria hapa sokoni. Ndogo, ya mtu mmoja. Sijawahi kumiliki kitu kama hicho.

Mama yako,
Mama Jiko


Tarehe 26 Machi

Shikamoo Mama Jiko,

Huku wazima, na nina mengi, kwa hiyo kaa vizuri kwenye hicho kiti cha mapokezi.

Jana nilikwenda kwako na ufunguo mkononi kumsubiri mwalimu. Barua yako nilikuwa nimeisoma na bado nilikuwa na hasira. Gari lake lilichelewa, njaa ikanishika, nikaona mchele umebaki kidogo kwenye debe. Nikachukua ile sufuria ndogo kuliko zote, nikamimina. Mama, mkono wangu ni wa kwako. Wali ulipanda, ukakisukuma kifuniko, ukatoka nje.

Nikamwita fundi cherehani wa mlango wa pili aje na sahani. Akaja na mama mkwe wake na mtoto wake mchanga. Ili apate nafasi ya kupakua akaniwekea mtoto mikononi. Hakuniuliza kama najua, alinipa tu kama anavyompa mtu kitambaa amshikie. Nikasimama katikati ya jiko lako nimemshika, sithubutu hata kupiga chafya. Alilia kidogo, nikajaribu hiki na kile, akanyamaza, akanitapikia begani. Hakuponyoka.

Mwalimu alipofika nikamwambia mwenye nyumba anarudi. Alikasirika, na ana haki, nimemwambia gari nitalilipia mimi. Fundi cherehani akamtajia nyumba ya mjomba wake mtaa wa nyuma, ina vyumba vitupu. Wakala wali kwanza, yeye na mkewe, wakaenda kuiona, wakashusha vitu hukohuko.

Ufunguo nimeurudisha chini ya ndoo, pale pake. Vitu vyako nitavirudisha kabatini polepole, sibebi kizito. Hasira bado imebaki kidogo, ikiisha nitakuambia.

Ila hiyo sufuria ya mtu mmoja irudishe dukani ukabadilishe. Baba yake akiwa hayuko barabarani, Jumapili tutakuwa tunakuja kula kwako, na tutakuwa watatu.

Mwanao,
Kijiko


Tarehe 28 Machi

Kijiko wangu,

Hujambo, na huyo wa ndani hajambo? Mimi mzima, nimeungua pua kwa jua. Natoka kesho asubuhi. Mama Treni anasema kwa mikono kwamba mwakani tukutane hapahapa, au mimi ndivyo nilivyomwelewa.

Nimerudi sokoni kama ulivyoniagiza. Muuza sufuria amekataa kubadilisha, na mimi sikubishana naye sana. Nimenunua na ya pili. Ile ndogo ni yangu. Kubwa ni ya Jumapili.

Maharage, mkiyataka, mje nayo wenyewe.

Mama yako,
Mama Jiko