Kigari cha Viti Viwili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miguu umeinyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua: utakuwa umesimama, na kigoda umekiwekea ndoo. Magoti yanaendeleaje? Na ile presha, dawa unameza kila siku au unameza siku ukikumbuka? Mjomba alipopita hapa wiki iliyopita alisema umekonda. Nikamtania kwamba huenda macho yake ndiyo yamechoka, lakini hakucheka, na mjomba asipocheka kuna jambo.

Sisi huku ni wazima. Baba watoto bado anapanda ngazi na nyaya zake kila kukicha, na bado anarudi salama. Mjukuu wako mkubwa ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, na maswali yamezidi. Mdogo wake wa kike ana mwaka na nusu, mzito kama gunia la chumvi, na kutembea hataki, anataka kubebwa tu. Huyu wa tatu yumo tumboni anapiga mateke. Daktari anasema zimebaki wiki sita. Nitapasuliwa kama nilivyopasuliwa kwa wa pili, na baada ya hapo nisinyanyue kitu kizito kwa miezi miwili. Ndiyo maana nilimtuma mjomba kwako akuombe uje.

Jibu lako nimelipata. Mjomba alilisema huku akiangalia viatu vyake: kwamba nitafute mtu mwingine, kwamba utaniombea, lakini mikono yako si ya kushika mtoto mchanga. Mama, ndivyo ulivyosema nilipojifungua wa kwanza, na ndivyo ulivyosema kwa wa pili. Ulikuja kuwaona wameshaota meno, na hata hapo hukumpakata hata mmoja. Tangu tulipompoteza mdogo wangu, yule Bonge wetu, hujabeba mtoto wa mtu. Miaka ishirini na tisa! Kila mtu anajua sababu na hakuna anayeitamka: kwamba siku ile ulisahau kufunga breki ya kigari chake. Nikiligusa jambo hilo kwenye simu, unakata. Karatasi haikatiki namna hiyo. Basi nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ikikuchukua siku mbili.

Nianze na kigari, maana ndiko yote yalikoanzia. Huyu wa kike hatembei, huyu mwingine anakuja, na mgongo ninao mmoja. Ilibidi tununue kigari cha watoto wawili. Baba watoto akasema ni kazi ya dakika kumi: unaingia dukani, unachagua rangi, unalipa, unatoka. Masikini, miaka minane ya ndoa na hajajua ameoa nani.

Kazi yangu unaifahamu, kuzunguka madukani na mawe yangu ya chuma nikikagua mizani za watu. Siku hiyo nilikwenda nayo, na baba watoto ndiye aliyenibebea mkoba, akinung'unika njia nzima. Muuzaji wa duka la kwanza alikuwa na maneno kama redio. Alitukunjia vigari kwa mkono mmoja, akatuonyesha paa la kuzuia jua na kikapu cha mizigo, akaapa kwamba hiki hapa kinapita mlango wowote duniani. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwomba baba watoto aweke kilo kumi na moja kwenye kiti cha nyuma na kilo tatu na nusu kwenye kiti cha mbele, tukakisukuma hadi kwenye mteremko wa saruji wanaposhushia mizigo, nikafunga breki, nikaachia.

Nikasimama. Muuzaji akaniuliza nangoja nini. Zikapita dakika kama tano, gurudumu moja likasogea upana wa kidole. Nikasema ahsante, sikitaki. Muuzaji akamwuliza baba watoto kama huyu ni mama mjamzito au ni polisi. Baba watoto akamjibu kwamba afadhali angekuwa polisi, maana polisi humaliza zamu.

Alicheka hadi nyumbani, nami nikacheka naye ili asiniangalie sana.

Tulizunguka maduka matano. Rangi sikuziona, vitambaa sikuvishika. Nilikuwa nainama na tumbo langu hili, nachungulia chini, naangalia breki tu. Dada mmoja wa mtaa wa pili akasikia tunatafuta, akatuita atuonyeshe kigari cha watoto wake, wameshakua. Kilikuwa kizuri, kimetunzwa. Nikakanyaga breki ikalia ta, imara kabisa. Nikasukuma kidogo kuhakikisha, na magurudumu yakazunguka kama hakuna kitu. Springi imekufa ndani, sauti tu ndiyo iliyobaki. Nilikaa chini sakafuni mwa mtu nisiyemjua, jasho likinitiririka, na yule dada akakimbilia maji. Baba watoto akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni tumbo. Akaniamini, kama anavyoniamini siku zote, na hilo likaniuma kuliko tumbo lenyewe.

Hatimaye tulikipata kimoja cha kijivu, kiti mbele na kiti nyuma. Breki yake ni pedali nyekundu. Kuifunga unaikanyaga, kuifungua unaiinua kwa ncha ya kiatu, na inahitaji nguvu. Nilikiacha mteremkoni nusu saa na mawe yote ndani, hakikusogea hata unywele. Kizito mno, baba watoto anakiita trekta, lakini alilipa bila neno, nadhani kwa kuchoka tu.

Tukakiweka ukumbini, karibu na mlango. Na mtaa wetu unaujua, ukitoka getini unateremka moja kwa moja mpaka barabara kubwa ya malori. Nilidhani kigari kikishanunuliwa moyo utatulia. Wapi. Mjukuu wako mkubwa alianza kukizungukazunguka, amenuna, anauliza yeye atakaa wapi, na kwa nini wadogo wana viti na yeye hana. Baba yake, kwa wema wake, akampa kazi. Akamwambia kwamba yeye ndiye atakuwa mkuu wa breki: mama akishashika mpini, yeye anainua pedali, safari inaanza. Mtoto akafurahi, akavimba kichwa. Mimi nilikuwa napanga vyombo. Nilitaka kusema hapana, nikaendelea kupanga vyombo.

Tangu hapo nikawa nasikia ta, ta, ta, huko ukumbini. Anaifunga, anaifungua. Nikimkataza anaacha, nikigeuka anaanza. Nilichukua kamba nikakifunga kigari kwenye mguu wa kabati. Baba watoto akaniuliza tangu lini kigari kikafungwa kama mbuzi. Nikamkaripia, na mimi simkaripii mume wangu bure, hata wewe unajua.

Jumamosi iliyopita nilitaka kukijaribu mtaani, bila watoto ndani. Nikatia mawe yangu vitini, nikatoka nacho getini, mjukuu wako mkubwa nyuma yangu. Nikafunga breki kwa kisigino. Nikageuka kufunga geti, na komeo letu ni bovu, lazima ulinyanyue kwa mikono miwili. Nikasikia ta.

Nilipogeuka kigari kilikuwa kimeshaondoka. Mwanzo kinakwenda polepole, unadhani utakidaka. Nilikimbia na tumbo langu nimelishika, nikapiga kelele, na hakuna aliyekuwa karibu. Kilishuka, kikapinda, kikagonga ukuta wa jirani nyumba tatu chini yetu na kuanguka ubavu. Jiwe la kilo tatu na nusu liliruka likaenda kulala katikati ya lami. Nilisimama nikilitazama. Lori likapita huko chini.

Baba watoto alikuja mbio bila viatu. Alinikagua mimi, akakagua kigari, akavuta pumzi, na kwa sababu alikuwa ameogopa alisema kwa ukali:

"Hukufunga breki."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amesimama pale pale getini, mikono nyuma, uso mkavu. Alisikia baba yake alivyosema. Alijua si kweli. Akanitazama mimi, akatazama chini, akanyamaza. Mchana akala sahani nzima, akaomba nyongeza.

Mama, nilimjua. Nilijua anachokifanya, nilijua kimya kile kina ladha gani mdomoni. Nikamwita chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba sitampiga, ila nataka aseme mwenyewe. Kisha akasema, "Nilitaka ugeuke unione." Akalia, nami nikalia kuliko yeye, hadi akaogopa. Jioni alimwambia baba yake mbele yangu. Ilimchukua saa sita nzima. Baba watoto akaniomba radhi, halafu akaniuliza nilijuaje mara moja kwamba ni mtoto, wakati yeye angeapa ni mimi. Nikamweleza. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusikia, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu wa kwanza ulipaswa kuwa wewe. Akainuka, akaenda kuniletea karatasi.

Uliifunga breki, Mama.

Uliifunga kwa kisigino cha kulia, na ikalia, na mimi niliisikia kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuisikiliza. Baba alikuwa amenipa cheo, unakumbuka, aliniita utingo wa kigari: ukishashika mpini, mimi nainua breki. Siku ile ulikuwa unachagua vifungo vya shati lake pale kwenye kibanda cha fundi, juu ya mteremko, umenipa mgongo. Bonge alikuwa amelia usiku kucha, na tangu asubuhi hukuwa umenisemesha ila kuniambia nisisumbue. Hukuwa umeshika mpini. Niliona hukuwa umeshika. Nikainua. Sikutaka afe, sikujua kwamba mtu anaweza kufa namna ile. Nilitaka kigari kiende hatua mbili, wewe ugeuke, unikute nimekidaka, uniite shujaa. Nilikidaka, Mama. Mpini nilikuwa nao mkononi, kikaniponyoka, kikateremka hadi barabarani.

Hospitalini Baba alikuambia maneno yale yale mawili. Ukajibu kwamba unadhani uliifunga. Akarudia. Ukasema hujui. Nilikuwa nyuma ya sketi yako, nimeishika, na nilisikia. Nilingoja mtu aniulize, na hakuna aliyeniuliza. Mwaka hadi mwaka ile "sijui" yako ikasinyaa, mpaka ikawa "nilisahau", mpaka ukawa unawaambia watu mwenyewe kabla hawajakuuliza. Nami nikakua, nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikikuona unaliwa polepole. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwako nilikuwemo mimi. Baba amezikwa akiamini ni wewe. Yeye siwezi tena kumfikia.

Usiseme nilikuwa mtoto. Baba watoto ameshalisema, na ni kweli kwa ile siku moja tu. Nilipokuwa na miaka ishirini sikuwa mtoto. Ulipokataa kumshika mjukuu wako wa kwanza sikuwa mtoto, nilikuwa mama, nimelala kitandani na maziwa yananimwagika, na neno moja langu lingekuleta. Nililimeza. Niliogopa kukosa mama, nikaona afadhali wewe ukose kila kitu.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Msamaha huombwa kwa magoti, na kwa tumbo hili nikipiga magoti sitainuka peke yangu. Ukija nitaomba. Ukitaka kuja kwa ajili ya mtoto tu, usinisemeshe, chumba chako kitakuwa tayari, na baba watoto ndiye atakayekuletea chai. Usipokuja kabisa, sitamtuma tena mjomba, na wajukuu wako hawatasikia kwangu neno baya juu yako. Lakini mkono uliofunga breki ile ni mkono nitakaoutaka kwa mwanangu hata baada ya dunia nzima kukataa. Mimi mwenyewe nimemwambia mume wangu asiniache peke yangu na kigari kwa sasa.

Kigari kimetengenezwa, kimepinda kidogo mbele. Watoto wanakusalimu, huyu wa kike ameanza kusema "bibi", ingawa anamwita hivyo hata paka. Baba watoto anakuamkia kwa heshima na anaomba umwonee huruma mwanao, ombi ambalo sikumtuma. Msalimie mjomba, wasalimie majirani wa mbele na wa nyuma.

Najua macho yakichoka mjomba ndiye hukusomea. Hii isome mwenyewe kwanza. Ukishamaliza, mpe. Akishamaliza yeye, mpe shangazi, kisha mpe kila mtu aliyewahi kumwondoa mtoto wake karibu nawe akisingizia kwamba analia. Wasome jina la nani wamebeba moyoni miaka yote hii, na jina wanalopaswa kuliweka mahali pake.

Ni mimi mwanao wa kwanza, niliyeinua breki.